Nilimwanika Mdogo Wangu Pamoja na Kahawa

Nilikosa, tena nikiwa na akili zangu timamu. Usinihurumie mapema. Hata kwenye kitubio sijaweza kulisema, maana padri anaijua sauti yangu.

Mdogo wangu Adela alikuwa fundi wa kufuma masweta. Vidonda vikamtoka vidoleni na mashavuni, vikakataa kupona. Tulihangaika sana, mpaka kliniki moja ya ngozi mjini Moshi ikasema ni lupasi, yaani kinga ya mwili wake imemgeuka, inamshambulia yeye mwenyewe. Akapewa vidonge, na mara tatu kwa wiki akawa anaweka mikono chini ya taa ndogo ya mwanga mwekundu.

Ikamsaidia, jamani! Kidonda cha kidole gumba kilifunga kabisa. Adela akashika tena sindano zake, akaanza kunifumia sweta.

Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kutoka kijijini kwetu Uru. Siku moja, Adela akiwa ndani kwenye taa, muuguzi aliniita pembeni. Akasema mwanga wa taa ile umechaguliwa, lakini jua ni adui wa mgonjwa huyu. Ajifunike akitoka nje, na nyumbani wote waambiwe. Nikaitikia, na nilimwelewa vizuri.

Kisha kahawa ikaiva. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wanapita hadi mlangoni, na mwanamume nyumbani nilikuwa peke yangu. Kahawa ukishaichuma, uimenye siku hiyohiyo, la sivyo inachacha. Kila nikishuka mjini, nikirudi naikuta inanuka.

Nikaona huyo muuguzi anaogopesha watu tu. Mwanga si mwanga? Sisi wa huku jua ndilo linalotukaushia kahawa, kwa nini lisikaushe kidonda? Tamaa mbaya, ndugu yangu!

Nikamwambia mama kwamba kliniki imesema jua ni sawa na ile taa. Nikamweka Adela kwenye kigoda kando ya vichanja, mikono wazi, uso wazi, awe anageuza kahawa huku anaota jua. Hivyo nikapata na msaidizi.

Aliniuliza mara moja tu, "Kaka, muuguzi alisema hivyo mwenyewe?"

"Alisema," nikamjibu.

Hakuuliza tena. Alikaa siku nane. Mashavu yakawa mekundu, mimi nikasema ndiyo dawa inafanya kazi. Siku ya tisa homa ikampanda, vidonda vyote vikafunguka, hata kile cha kidole gumba. Tulipomfikisha hospitali, figo nazo zilikuwa zimeshaguswa. Daktari akauliza kama alikaa juani. Nikasema sijui. Ole wangu!

Tulimzika kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, kahawa ya mwisho ikiwa bado mbichi kwenye vichanja. Lile sweta ninalo, lina mkono mmoja.

Miaka imepita. Bado nikianika kahawa nasikia kiganja kikiigeuza taratibu upande wa pili, na nikitazama hakuna mtu. Nimejaribu kuweka vibarua wapige soga. Wakinyamaza, nasikia tena.

Ningelibeba hilo hadi kaburini. Lakini sasa mama ana kidonda mguuni, kinanuka na kinapanda. Nimembembeleza twende kliniki, amekataa katakata.

"Siendi kwa watu walioniulia mwanangu kwa jua," anasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea maneno yao."

Uongo niliomwambia siku ile ndio alioushika hadi leo. Siwezi kuung'oa bila kumwambia ni wangu.

Wewe unayemsindikiza mgonjwa, uliyeaminiwa maneno ya daktari, yafikishe nyumbani kama ulivyopewa. Usiyapunguze kwa sababu shamba linakusubiri. Kama ulishayageuza, sema leo, mgonjwa akiwa bado anapumua. Kahawa itaiva tena mwakani!

Mimi nakushauri hivyo, na mwenyewe bado sijasema. Kila asubuhi namwosha mama mguu kwa maji ya uvuguvugu. Leo alinishika kichwa nikiwa nimeinama.

"Aika, mwanangu," akaniambia, yaani ahsante kwa Kichaga. "Adela alikuwa na bahati kuwa na kaka kama wewe."

Nikaendelea kuosha.