Mafuta ya Alinanuswe

Alinanuswe alirudi kwao Hasamba na begi moja na sufuria kubwa yenye bomba. Mumewe alikuwa amemfukuza kwa kukosa mtoto. Mdogo wake, Gibson, alimpokea kwa sababu wazee wa kanisa walikuwa wanamtazama. Imelda, mke wa Gibson, hakujali nani anatazama.

"Wifi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema asubuhi ile ile ya kwanza, akampa jembe kweli, akamwonyesha pa kulala: pembeni ya banda la kondoo, nyuma ya mabanzi.

Mkojo wa kondoo ulipenya hadi kwenye mkeka wake. Kondoo wenyewe walikuwa wamekonda na wamevimba matumbo, na yeye, kabla ya ndoa, aliwahi kuwa kibarua kwenye shamba moja lililotoa mafuta ya mchaichai na mkaratusi kwa mvuke. Huko alijifunza kwamba matone machache ya mafuta hayo, yakichanganywa kwanza na mafuta ya alizeti ndipo yaingie kwenye pumba, humpa kondoo hamu ya kula na kumpunguzia gesi tumboni. Akapanda mchaichai kwenye kingo za shamba la kahawa, akaanza kuuchemsha kwenye ile sufuria yake ya bomba ili kukinga mafuta.

"Tasa anawapikia kondoo manukato," Imelda aliwaambia wanawake kisimani, Alinanuswe akiwa papo hapo na ndoo kichwani. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kicheko kilikwisha mvua zilipokatika. Kondoo walinenepa, manyoya yakalala vizuri, na Abdul, mchuuzi wa mifugo kutoka Tunduma, akawapita wa majirani wote akaja moja kwa moja bandani kwa Gibson. Alimsifu Alinanuswe mbele za watu. Hilo ndilo lililomponza.

"Kuanzia leo kondoo nitawalisha mimi," Imelda alisema. "Ni wa mume wangu. Niambie unaweka kiasi gani."

Alinanuswe alimwambia ukweli wote: matone tu, tena yasipoingia kwenye alizeti kwanza yanaunguza koo na kuwalevya.

"Matone?" Imelda akamkazia macho. "Unanificha, mchawi wewe. Unataka wangu wakonde ili waseme wewe ndiwe fundi."

Jumapili, wengine wakiwa ibadani, Imelda aliyamimina mafuta matupu kwenye chupa ya soda, akawanywesha kondoo mmoja baada ya mwingine. Alinanuswe aliporudi aliwakuta wanatoa mapovu, wanayumba, wanapiga miguu chini. Alimshika kichwa dume mkubwa, akamfuta mdomo kwa khanga yake, hadi mnyama akakakamaa mikononi mwake. Hakupona hata mmoja.

"Ameua!" Imelda alikuwa tayari analia uani. "Amewawekea sumu kwa wivu!"

Gibson alimwamuru dada yake achimbe shimo peke yake. Alichimba mpaka viganja vikachubuka, akawaburuta mmoja mmoja, majirani wakiwa wamejipanga kwenye ua wanamtazama. Alipomaliza, mdogo wake akamsogelea.

"Gibson, si mimi. Wallahi—" akajikatiza, akakumbuka yeye si Mwislamu, ni neno la Abdul tu lililomtoka. "Mungu ananiona, si mimi."

"Najua, dada," Gibson alisema kwa sauti ya chini. "Nimenusa mikono ya Imelda. Lakini yule ni mama wa watoto wangu. Wewe ni nani hapa? Ondoka kabla giza halijaingia."

Aliondoka na begi. Sufuria Imelda aliizuia.

Siku hizi Alinanuswe yuko Chapwa, karibu na Tunduma, anatunza zizi la Abdul, akiwalisha kondoo wanaosubiri wanunuzi. Pumba na maji tu; mafuta hayagusi tena. Mwezi uliopita Abdul alirudi kutoka safari, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nimepeleka dume kwenye harusi kwenu. Pendo ameolewa."

Pendo ni binti mkubwa wa Gibson. Alinanuswe ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mchanga, Imelda alipougua baada ya kujifungua, na ndiye aliyempa jina. Hakuna aliyemtumia hata salamu.

"Alipendeza?" aliuliza.

"Sana."

"Na mimi... kuna aliyeniulizia?"

Abdul akatazama kondoo wake. "Hapana, dada."

Alinanuswe akachukua fagio, akaanza kuondoa mavi kwenye zizi.