Homa ya Kimputu na Bukari ya Mkwe

Kwetu, mwanamume akishaoa binti yako, hali chakula mbele yako. Atakusalimia kwa mbali macho yakiwa chini, atakuletea gunia la makala, yaani mkaa wa kupikia, hadi mlangoni, lakini hata glasi ya maji hanywi ukiwa unamtazama. Mambo huenda hivyo mpaka siku mama wa binti atakapopika kwa mikono yake mwenyewe na kumwita mezani. Akishakula, basi, amekuwa mtoto wa nyumbani. Wapo majirani zangu hapa mjini Likasi wanaosema hayo ni ya zamani, na wakwe zao walikula nao wali na kuku siku ile ile ya harusi. Wafurahi nao. Mimi ni mkaidi, na mama yangu alikuwa mkaidi kunishinda.

Mkwe wangu ni muuguzi katika zahanati iliyo mitaa mitatu kutoka kwangu. Nikimwona anakuja na koti lake jeupe, navuka barabara. Yeye naye hujifanya anatafuta kitu mfukoni. Tuliishi hivyo miaka miwili, kwa heshima na amani, na nilikuwa nimepanga kumpikia baada ya mavuno. Kuku walikuwa tayari, wanene, wanatembea uani kwa majivuno.

Mavuno yenyewe ndiyo yaliyoniponza. Nilikwenda shambani kwa kaka yangu, nje ya mji, mbele ya Buluo, kumsaidia kuvuna mahindi, nikalala wiki nzima katika nyumba yake ya zamani ya udongo, mkeka chini, kichwa karibu na ukuta. Katika nyufa za kuta kama zile anakaa mdudu tunayemwita kimputu, kupe mdogo wa rangi ya vumbi. Anakuja kunyonya damu ukiwa usingizini, kisha anarudi ufa wake kama mtu mwenye shughuli zake. Sikumsikia. Niliona alama tu mguuni, nikajikuna, nikaendelea kupukuchua mahindi.

Niliporudi mjini homa ikanishika. Nikafanya kama kila mtu afanyavyo: nikasema ni malaria, nikanunua dawa ya malaria, nikameza. Homa ikaondoka, nikajisifu. Baada ya wiki ikarudi, kali kuliko ya kwanza, mifupa inauma hadi kwenye kucha. Ikaondoka tena, ikarudi tena. Binti yangu ndiye aliyenishika mkono siku ya homa akanipeleka zahanati, nami njiani namwomba Mungu mkwe awe hayupo. Alikuwepo. Akatoka nje kwa adabu, akamwacha muuguzi mwanamke anitoe damu, lakini aliyetazama kwenye hadubini ni yeye. Alimwona mdudu wa homa ya kimputu, yule mdogo asiyeonekana kwa macho, akiogelea katika damu ya mama mkwe wake. Niliona aibu kama nimekutwa bila kitenge.

Alinitumia vidonge vya siku kumi kupitia kwa binti yangu, na maelezo yake: nimeze baada ya kula, nisiache hata siku moja. Hapo nikafanya kosa, na nitalieleza lilivyo. Sisi hapa, mtu ambaye hajala bukari, yaani ugali, hajala. Unaweza kumkuta mtu amekula ndizi, karanga na nusu mkate, umuulize, atakuambia tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Nami bukari ilikuwa haipiti kooni, hamu hakuna. Kwa hiyo nikahesabu kwamba sili, na kwa kuwa sili, nikameza vidonge na chai ya rangi tu. Tumbo likawaka moto. Siku ya nne nilishinda nikienda msalani na kurudi. Sasa, habari kama hizo unamwambiaje mkwe? Hata binti yangu nisingemwambia, maana angempelekea yeye. Homa ilikuwa imeshuka. Nikavifungia vidonge vilivyobaki katika kopo la sukari lisilotumika, na nilipoulizwa nikasema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba nimemaliza.

Homa kubwa haikurudi. Zilirudi zile ndogo, za kuvizia, na pamoja nazo uchovu nisioweza kuueleza, na maumivu ya viungo. Magoti niliyavumilia. Viganja na vifundo vya mikono ndivyo vilivyonitia hofu. Bukari ya kundi la watu inataka mikono miwili kwenye mwiko na mgongo wote nyuma yake. Mimi nilikuwa nashindwa kukamua nguo. Binti yangu akasema kwa upole kwamba shangazi yake anaweza kunipikia siku ya mkwe, mradi mimi nikae karibu. Nilimkaripia. Halafu nikaenda chumbani nikalia, kwa sababu niliona huenda anasema kweli, na mkwe wangu atakula chakula cha mkono wa mtu mwingine na kwangu atabaki mgeni mpaka nife.

Mdogo wangu wa kike yuko Ubelgiji, anatunza wazee. Miaka kadhaa iliyopita alitembeza mbwa wa bibi mmoja msituni, akaumwa na kupe wa huko, akapata ugonjwa wanaouita Lyme. Alitibiwa, lakini uchovu na maumivu ya viungo vilimganda miaka. Aliposikia habari zangu alifurahi, Mungu amsamehe, kama mtu aliyepata mwenzake safarini. Alisema wadudu wa magonjwa yetu ni wa ukoo mmoja. Akaanza kunitumia ujumbe wa sauti, mrefu kuliko mahubiri.

“Yaya, sukari uache. Mukate uache. Maziwa uache,” alisema; yaya kwetu ni dada mkubwa. “Ukule majani, samaki, maharagi, kitunguu saumu. Na manjano kidogo kwa mboga. Miye njo vile nilianza kutembea tena.”

“Sukari, mukate na maziwa?” nikamjibu. “Ile yote bazungu njo balituletea. Sasa banatuambia tuache?”

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilijaribu. Wiki ya kwanza ya chai bila sukari niligombana na kila mtu, hadi kuku. Nikarudia vyakula nilivyolelewa navyo: lenga-lenga, yaani mchicha, matembele, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa vizuri, samaki wabichi wa mto Lufira, bukari laini ya mtama ambayo ilipita kooni bila ugomvi. Kusema kweli, tangu niugue nilikuwa naishi kwa chai na mkate, na chai yenyewe vijiko vinne. Baada ya mwezi mmoja uso wangu ulikuwa umerudi. Nilianza kufagia ua wote bila kukaa katikati. Furaha ya kufagia ua, sijui kama vijana wanaijua.

Watu walipoona nafuata masharti ya Ulaya, kila mmoja akaleta yake. Jirani wa kushoto alileta magome ya kuchemsha, machungu hata nzi hawakusogelea kikombe. Jirani wa kulia, ambaye mumewe anachimba madini Kamatanda na ambaye kanisani kwao hawachezi na maombi, alinishauri mfungo wa siku tatu bila maji. Nikafunga. Siku ya pili nikaanguka kanisani kwao, wakashangilia wakidhani nimeguswa na Roho. Nilikuwa nimeguswa na njaa. Walinipa maji ya chumvi na sukari, na nikayanywa yote, sharti au si sharti.

Nilimsimulia mdogo wangu kisa hicho nikitaka acheke. Hakucheka.

“Yaya,” akasema, “vidonge ya docteur, ulimaliza yote?”

“Nilimaliza.”

Kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote hakuwahi kuniambia. Mwanzoni mwa ugonjwa wake alikuwa ameacha dawa za daktari katikati, akafuata mtu aliyemuuzia mitishamba kwenye chupa nzuri, na anaamini miezi ile ndiyo iliyomgharimu.

“Chakula inasaidia, sikatai,” akasema. “Lakini inakuja nyuma ya dawa, haitangulie. Miye nilitanguliza. Usifanye sawa miye.”

Baada ya simu nilikwenda kabatini, nikafungua kopo. Vidonge vilikuwa mle, vimenyamaza, vya siku sita nzima. Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia kimputu, kisha kaka yangu na nyumba yake ya nyufa, kisha desturi, na mwisho, walipokwisha wote, nikabaki mimi.

Nilimtuma binti yangu amwite mumewe, Jumapili baada ya misa. Mimi niliketi jikoni kwenye kigoda, mbele ya mbabula, yaani jiko langu la makala. Yeye alisimama nje, mgongo ukutani, kando ya mlango, ili tusionane. Binti yangu alitaka kukaa kati yetu kubeba maneno kama kawaida. Nikamwambia aende akaanue nguo. Nikaongea na sufuria.

“Baba,” nikasema, “ile dawa ulinitumia, nilikula ya siku ine tu. Nilikudanganya.”

Nilisikia kiatu chake kikisugua mchanga. Nilingoja anikaripie, na kwa mara ya kwanza maishani ningekubali.

“Juu ya nini muliacha, Mama?” akauliza, sauti ya chini.

“Tumbo. Iliwaka kabisa. Na... mambo ya tumbo, unajua.”

“Mulimeza mukiwa mumekula?”

“Bukari haikuwa inapita.”

Nadhani alitabasamu, ingawa sikumwona. “Mama, hata ndizi ni kukula. Hata uji. Kosa ni yangu. Nilipashwa kueleza muzuri. Miye niliona haya kutuma maneno ya tumbo kwa Mama.”

Basi tulikuwa wawili. Nilikuwa nimebeba aibu yangu peke yangu miezi yote, kumbe na yeye alikuwa na ya kwake, upande wa pili wa ukuta.

Alinieleza kwamba mdudu yule haonekani vizuri ila siku ya homa, kwa hiyo nikisikia baridi tu nimwite, saa yoyote. Homa ya kuvizia ilikuja baada ya siku tano. Damu ikapimwa, mdudu akaonekana, mchovu mchovu lakini yupo. Daktari wa hospitali ya mjini akaagiza dawa upya, yote. Safari hii nilimeza tumbo likiwa na uji wa mtama, na mkwe alipita kila asubuhi akiwa njiani kwenda kazini, akauliza kutoka nje ya ua, “Mama, mulikula nini leo?” Nami najibu kwa sauti kubwa, mtaa mzima ukijua menyu yangu: ndizi, uji, maharagwe, lenga-lenga. Hakuwahi kuingia. Hakuwahi kukosa.

Homa ziliisha. Viungo vilichukua muda mrefu zaidi. Mkwe aliagiza nifinye kitambaa katika maji ya uvuguvugu kila siku, nikae juani asubuhi, niendelee na mboga zangu, na magome ya jirani niyaache. Sukari alisema ni hiari yangu, kidogo haitaniua. Sasa naweka kijiko kimoja, na mdogo wangu ananiita msaliti. Ukiniuliza ni kitu gani kilinirudishia mikono, siwezi kusimama mahakamani nikaapa. Dawa ilimaliza homa, hilo nimeliona kwa macho. Majani na samaki vilinirudishia nguvu, hilo nimelisikia mwilini. Mengine labda ni siku zenyewe zilivyopita. Asubuhi za baridi, za Juni na Julai, vidole bado vinagoma kidogo, nami nagombana navyo hadi vinakubali.

Mahindi yalipoiva tena, nilisema siku imefika. Kaka yangu alipelekewa ushauri wa kuziba nyufa, akaziba, na mavuno yake safari hii niliyasubiri mjini. Kuku wale wanene walikuwa wameshakuwa wazee, nikachagua watoto wao. Nilipika kuku, sombe, samaki. Shangazi zake binti walikuja kunikagua, wakapanga viti uani kama kamati.

Bukari niliiacha mwisho. Maji yalipochemka nikamimina unga, nikashika mwiko kwa mikono miwili, nikaanza kusonga. Mwanzo ilikuwa laini, ikanitii. Ilipoanza kukaza, kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuwaka. Binti yangu akanyoosha mkono. Nikausukuma kwa kiwiko. Nikasonga, jasho linanitoka, nikihesabu mizunguko, na mizunguko michache ya mwisho mkono ulikataa kabisa. Nikapakua ilivyo. Nilijua haikuiva sawasawa upande mmoja.

Mkwe akaitwa. Akaketi mbele yangu, akanawa mikono. Nilikuwa sijawahi kuona vizuri uso wake. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Akamega tonge, akachovya kwenye sombe, akala. Mashangazi wakapiga vigelegele. Tonge la tatu lilitoka upande ule mbaya, na nikaona bonge la unga mkavu katikati yake, jeupe, kubwa kama punje ya karanga. Aliliona na yeye. Akalitia kinywani, akatafuna taratibu, akameza.

Akanitazama usoni, moja kwa moja, muuguzi yule yule.

“Mama, mukono ilichoka ku mwisho?”

Mashangazi walikuwa wanasikiliza. Ningeweza kusema hapana.

“Ilichoka,” nikasema. “Kidogo.”

Akatikisa kichwa kukubali, akasogeza sahani yake mbele yangu. “Muniongezee.”