Daktari wa Simu na Bodi ya Mama Mkwe

Alhamisi, tarehe 14 Aprili. Manyunyu tangu alfajiri, kisha mawingu mazito yasiyo na mvua, na joto la kunata. Siku hiyo jirani yangu, fundi simu anayejiita Daktari, alifungua simu mbili za aina moja kwa wakati mmoja. Kati ya chumba chake na changu, ninamodurufu karatasi, kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo mengi niliyasikia bila kuyatafuta.

Nianze na huo udaktari. Mtu huyu alikuwa akiuza vifuniko vya simu. Siku moja mteja alimletea simu iliyozimika. Akachomoa betri, akazisugua zile ndimi ndogo za shaba kwa pindo la shati, akairudisha, ikawaka. Mtu mwingine angeshukuru bahati. Yeye alinunua koti jeupe la mtumba, lenye nembo ya kiwanda cha maziwa kifuani, akaanza kuziita simu wagonjwa na wenye simu ndugu wa mgonjwa.

Ana desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kila asubuhi, kabla hajaanza kazi, huzifungua simu zote zilizolala kwake, hata iliyoletwa kubadilishwa kifuniko tu, akazianika mezani: bodi za kijani huku, vioo kule, raba za batani zimelala kama meno ya bandia. Kazi yenyewe ni haba, lakini meza iliyojaa matumbo humfanya mpita njia adhani yuko mbele ya hospitali ya rufaa. Mteja akisimama, somo linaanza.

"Unaona hii? Betri, ndiyo moyo. Bodi ni ubongo. Hii punje hapa ni maiki, ndiyo pua."

"Na haka kadude?" mteja mmoja alimuuliza, akionyesha kile kimota chenye kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja, ambacho kikizunguka simu hutetemeka.

"Hilo ni ini. Linasafisha chaji."

Mteja akatikisa kichwa kwa heshima.

Basi Alhamisi palikuwa na hizo simu mbili. Moja ilikuwa ya mama mkwe wake, anayekaa chumba cha uani nyumbani kwake: jalada la bluu, tundu la chaji limelegea. Nyingine ilikuwa ya muuza nyama wa ng'ambo ya barabara: jalada jekundu, batani zimenata kwa mafuta. Daktari alilehemu tundu la moja, akasugua bodi ya nyingine kwa spiriti, na ajabu ya Mungu kazi zote mbili zikakubali. Kilichobaki ni kurudisha bodi kwenye majalada. Bodi zilifanana kama mapacha, na mezani hakuna aliyeweka alama, maana kuweka alama ni kazi ya mafundi, si ya madaktari. Bodi ya mama ikaingia kwenye jalada jekundu, ya muuza nyama ikaingia kwenye bluu. Laini zilirudi kwa wenyewe, lakini simu ndogo kama hizo majina huyahifadhi kwenye bodi. Jioni kila mtu alichukua simu yake akiwa na majina ya mwenzake.

Lingekuwa jambo la kucheka, kama si kitindamimba wa mama mkwe. Kijana huyo alitaka kwenda kufanya kazi nchi za watu, mama akamkatalia kwa maneno mazito. Akahama nyumbani, akabadili namba, akampa mama peke yake, na akamwambia: "Nasafiri Jumamosi alfajiri. Sitakupigia. Ukiwa na radhi nami, nipigie kabla sijaondoka. Ukinyamaza nitajua umeninyima, na kurudi sitarudi." Mama alikaa na hasira zake mpaka Alhamisi jioni, zilipokwisha. Akatafuta jina la Kitinda, akalikosa. Akabonyeza jina la kwanza aliloliona.

Ijumaa asubuhi alikuwa mezani kwa mkwewe.

"Mwanangu, simu inawaka, Mungu akubariki. Lakini jana nimempigia mtu anaitwa Kwato, akaniuliza aniletee magunia mangapi."

"Ni mtandao huo, mama."

"Na inanuka mafuta ya mbavu."

"Hiyo ni dawa ya kusafishia."

"Na Kitinda hayumo. Nitafutie Kitinda, baba. Kesho alfajiri anaondoka."

"Mama, simu ikipata moto wa lehemu majina hushtuka, yanajificha. Iache ipoe mpaka Jumatatu, yatarudi yenyewe."

"Jumatatu atakuwa ameshaondoka."

"Basi Jumapili."

Alipobaki peke yake aliifungua ile ya bluu. Baadaye alikiri kwa mkewe alichokiona: utando wa mafuta ukingoni mwa bodi, pale spiriti haikufika. Alijua papo hapo. Dawa ilikuwa kuvuka barabara na kusema, "Ndugu yangu, nilikosea." Muuza nyama angefurahi, maana naye alikuwa amepoteza namba zake zote. Lakini muuza nyama ana sauti ya kengele, na buchani hakukosi foleni. Daktari alipima radhi ya mama kwa mwanawe, akapima na koti lake la kiwanda cha maziwa, akaona koti lina uzito zaidi. Akaifunga simu, akapangusa meza.

Adhuhuri mkewe alikuja.

"Baba watoto, umemfanyia nini mama?"

"Namtibu."

"Mama haumwi. Iliyokuwa inaumwa ni simu."

"Wewe kazi hii huijui."

"Siijui. Lakini mtu anayechungulia ng'ambo kila baada ya neno, ng'ambo ana deni."

"Nina mgonjwa kule. Nitamwona foleni ikipungua."

Mkewe akaondoka na simu ya mama, akamrudishia. Foleni ilipungua, kisha ikaisha kabisa, muuza nyama akakaa kitini akipiga miayo. Daktari akagundua kwamba jua ni kali.

Jioni mama alivuka mwenyewe kununua nusu kilo, kwa kuwa watu wa nyumbani lazima wale hata siku ya huzuni. Nilikuwa mbele yake kwenye foleni. Muuza nyama alikuwa akikata mfupa na kulalamika kwa pamoja.

"Wenye ng'ombe wangu wote wamepotea. Nafungua simu nakuta Mama Ubani, nakuta Fundi Magodoro, nakuta Mwalimu wa Kwaya. Mimi na kwaya wapi na wapi?"

"Labda mkeo anataka uokoke," mtu alisema nyuma.

Mama aliweka kikapu chini. "Na Kitinda yumo?"

Muuza nyama akafuta kidole kwenye aproni, akabonyeza, akabonyeza tena. "Kitinda yumo. Ni nani wako, mama?"

"Mwanangu wa mwisho. Na Kwato yuko kwangu."

Alipomweleza habari ya alfajiri, muuza nyama hakungoja daktari. Simu yake ilikuwa na nafasi mbili za laini, moja tupu. Akachomoa betri, akaingiza laini ya mama, ili kijana aione namba anayoijua. Aliyekuwa akitaka maini akaambiwa asubiri. Mama alishika simu kwa mikono miwili, akageukia ukuta.

"Ni mimi," alisema. Kisha, "Nenda. Nenda, baba, radhi zangu unazo." Akasikiliza. Mwisho akauliza, "Umekula?"

Baada ya hapo muuza nyama alivuka na simu zote mbili, mama nyuma yake, na nusu ya foleni nyuma ya mama.

"Daktari, umenipandikizia ubongo wa mkweo."

"Yalikuwa majaribio," Daktari alisema, bila kuinua macho.

Watu walicheka. Mama hakucheka wala hakumkemea. Mkwe ni mkwe. "Mrudishie mwenzio kilicho chake, mwanangu," alisema, "nami nipe changu."

Alizifungua zote mbili mbele yao, akabadilisha bodi, akakaza skrubu. Hata katika hali hiyo alipata nafasi ya kumwonyesha mtoto wa mtu pale pua ilipo. Neno "nilikosea" halikutoka. Nilidhani angalau angelivua lile koti.

Kesho yake, Jumamosi, kweupe bila wingu, alifika mapema kuliko kawaida, akazifungua simu zote zilizokuwa kwake na kuzianika. Kisha akatundika kipande cha kartoni alichokiandika kwa kalamu nyekundu: TUNAHAMISHA MAJINA KUTOKA SIMU HADI SIMU. Mteja wa kwanza alipouliza kama kweli anaiweza kazi hiyo, alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

"Muulize yule," alisema. "Juzi tu nimemfanyia."