Mkono Uliomvusha Misi Ailsa

Harufu ya maua ya kahawa baada ya mvua ilitanda kijijini kwetu Giakanja likizo moja yote ya shule. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukiimeza migomba yetu mmoja mmoja, na siku moja kutoka ndani ya weupe huo akatokea mwanamke wa Uskoti, viatu vimejaa matope mekundu. Aliitwa Morag. Alikuwa akiandika kitabu kuhusu wanawake wa kwao waliosahauliwa na historia, na alikuwa akimtafuta Misi Ailsa, muuguzi wa hospitali ya misheni enzi za ukoloni. Jiwe la ukumbusho kanisani lilitaja wachungaji na madaktari, wanaume pekee. Aliyebaki wa kumkumbuka Misi Ailsa, aliambiwa, ni nyanya yangu, Cucu Wanjiru, aliyefanya kazi naye.

Cucu alimkaribisha jikoni, akampa uji. Morag, aliyejua Kiswahili, akaweka kinasa sauti juu ya kigoda na kuuliza Ailsa alikuwa mtu wa namna gani. Cucu akafunika chungu cha uji.

"Alikuwa mwoga," akasema. "Tukienda kuzalisha wamama ng'ambo ya mto, giza ikiingia anaanza kuimba. Nikisikia anaimba, najua ameogopa. Namshika mkono."

Macho ya Morag yalilengwa na machozi. Akashukuru, akazima kinasa sauti.

"Washa hiyo kitu," Cucu akasema. "Sijamaliza. Hiyo mkono ilikuwa ya nani?"

Morag akaeleza, kwa upole, kwamba kitabu chake kilihusu wanawake wa Uskoti.

"Basi huyo wako atavuka mto peke yake?"

Morag akawasha kinasa sauti. Cucu akasimulia jinsi baba yake alivyomfukuza nyumbani kwa kupenda shule, na watoto aliowapokea kwa mikono yake, mpaka ukungu ukaondoka bila sisi kutambua.

Kitabu kilifika nikiwa kidato cha pili. Nilimtafsiria Cucu ukurasa uliomtaja, Ailsa na Wanjiru katika sentensi moja. Akataka nirudie jina lake.

"Kumbe nilikuwa huko," akasema, kama mtu anayeamka.

Siku hizi naishi Gatitu, na kazi yangu ni kukusanya simulizi za wanawake. Simu zimejaa kila habari ya dunia, lakini huko Kerugoya ninakokwenda kuwasikiliza, akina mama wazee bado huniambia, "Mimi sina historia, mwanangu. Ngoja mzee wangu arudi." Nawaambia nimewafuata wao, si mzee. Hujifuta mikono kwenye aproni, kisha huvuta kiti na kuuliza waanzie wapi.