Maksai Hawana Rivasi

Landrova ya baba ilikuwa imesimama kando ya mkwaju pale nyumbani Ngulyati kwa miaka mingi, kiasi kwamba kuku wa mama walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva na hakuna aliyewafukuza. Injini ilishakufa. Giaboksi ilibakiwa na gia mbili, zote za kubahatisha. Kaka yangu alitaka waitwe watu wa vyuma chakavu waje waibebe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Bariadi mjini, sijui hata kubadili tairi, lakini ndimi niliyeng'ang'ania itengenezwe. Sababu yangu ilikuwa moja tu, shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba na anaishi Bukundi, huko Meatu. Macho yake yameingia ukungu, na miguu haimfikishi mbali zaidi ya zizi. Baba naye nyonga zimekakamaa, bodaboda hawezi kupanda. Tangu gari life walikuwa hawajaonana. Kila Jumapili wanapigiana simu na kupayuka mpaka majirani wanajua habari zote, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake ndiye kiziwi. Niliwahi kumwambia baba nimkodie gari, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Landrova ile ilinunuliwa kwa pamba yake na ng'ombe wawili wa shangazi, naye aliapa kwamba kwa dada yake haingii na gari la mtu mwingine.

Mwaka huu shangazi aliugua kifua, akalala wiki tatu. Alipopata nafuu akasema kwenye simu, safari hii bila kupayuka, "Njoo nikushike mkono. Mavuno mengine sijui kama nitayaona." Baba alikata simu, akaenda kukaa ndani ya gari pamoja na kuku. Nilimkuta analia. Na mimi nikalia, kisha nikampigia fundi.

Fundi huyo alitoka Lamadi, ambako alianza kwa kutengeneza injini za mitumbwi kabla hajahamia kwenye magari. Alitupatia injini ya dizeli iliyotolewa kwenye pikapu iliyopata ajali, pamoja na giaboksi yake. Akaifungua yote na kuisuka upya: ringi, beringi, gasketi, klachi. Kila Jumamosi nilikwenda kuitazama, naye alinieleza kwa heshima zote kila kifaa kinafanya nini, na mimi nikitikisa kichwa kama wanafunzi wangu wanavyofanya wakati hawajaelewa kitu. Siku aliyokuja kuing'oa injini ya zamani alikuja na mashine yake ya kunyanyulia, ile ya mnyororo. Siku ya kufunga mpya akaja bila mashine. Ilikuwa imekwenda kunyanyua lori mahali fulani.

"Tusubiri Jumatatu, mwalimu," akasema.

Kusubiri mimi sikuwezi, na nyumbani wanajua. Tena upande wa ziwa wingu lilikuwa limeshaanza kujikusanya. Barabara ya Bukundi inapita kwenye mbuga ya udongo mweusi, na mvua ikinyesha siku mbili pale hata trekta huingia na kubaki.

"Maksai wapo," nikasema.

Fundi alicheka, akaona sicheki. Maksai wa baba ni wawili, wenye shingo nene, wanaolima eka nzima bila kunung'unika. Tulipitisha kamba nene ya wavuvi kwenye roda, kigurudumu cha kamba, juu ya tawi la mkwaju, tukaishusha hadi roda nyingine chini ya shina, na ncha tukaifunga kwenye nira. Nikawaswaga mwenyewe. Walipiga hatua kumi za kawaida, na injini na giaboksi yake, kitu kizima, ikapanda juu. Majirani walipiga vigelegele. Tukaisukuma landrova ikaingia chini yake. Nilijisifu kwa sauti, tena mara mbili, jambo ambalo mpaka leo nakumbushwa.

"Sasa teremsha," fundi akasema.

Ndipo nilipogundua kwamba katika maisha yao yote maksai wale hawajawahi kuambiwa warudi nyuma. Shambani wakifika mwisho wa mtaro wanageuzwa, basi. Niliwasukuma kwenye paji la uso, wakanisukuma mimi. Niliwapiga kofi kidogo, wakasogea mbele hatua mbili na injini ikagonga tawi. Fundi alifunga macho. Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake, aliniuliza kwa upole, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, shuleni hamfundishi rivasi?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikuwa na hasira na hofu, maana kamba ikikatika, Bukundi imekwisha.

Mama alitoka jikoni na mikono yenye unga. Alichukua kamba ya pili, akaifunga kwa fundo kwenye ile ya kwanza, karibu na nira. Akaizungusha mara tatu kwenye nguzo ya zizi, akashika ncha yake. "Wafungueni hao ng'ombe," akasema. Tukawafungua. Uzito wote ukahamia kwenye nguzo, kamba ikalia kidogo, ikatulia. Kisha mama, mwanamke mwembamba kuliko mimi, akaanza kuiachia shubiri kwa shubiri kwa mkono mmoja, huku kwa mwingine akijifutia unga kwenye kanga, na injini ikateremka taratibu mpaka fundi akaishika na kuielekeza mahali pake.

"Umejifunzia wapi?" fundi akamuuliza.

"Fahali wa kuchomwa sindano tunawashikaje?" mama akajibu, akarudi kwenye ugali wake.

Jumapili fundi alichomelea vishikizo vya injini, akaunga shafti, akatoa hewa kwenye mabomba ya mafuta. Jioni ikawaka. Nilirukaruka kama mtoto. Baba alisikiliza sana, akasema, "Hii ni cherehani." Kweli, injini ya zamani ilikuwa ikinguruma mpaka vikombe vinacheza mezani, na hii ilikuwa na adabu mno. Nikajua anachowaza, maana shangazi alikuwa akiujua mngurumo ule tangu gari likiwa bado mtoni, mbali na kwake.

Fundi alimalizia kwa kupaka grisi hapa na pale. Alipoufikia mlango wa dereva, ambao ukifunguliwa hulia hadi meno yanauma, baba akapaza sauti. "Huo uache!"

"Baba, unatutia aibu," nikasema. "Gari limefufuka, mlango unalia kama nguruwe."

"Uache."

Sikubishana. Nilinunua kopo langu la grisi na kulificha chini ya kiti, nikapanga kuupaka mlango akiwa amelala huko Bukundi.

Nikaomba ruhusa kazini, na Jumanne tukaondoka, fundi akiendesha na mimi nikiwa katikati. Mvua ilitukuta kwenye mbuga. Fundi akatia gia ya nguvu, magurudumu yote manne yakauma udongo, na cherehani yetu ikashona mpaka ng'ambo. Baba alikuwa akipiga dashibodi kwa kiganja na kuimba wimbo wa kulima.

Shangazi alikuwa mlangoni kwake akipepeta choroko. Tuliingia uani, injini ikazimwa, naye hakuinua kichwa. "Hao ni watu wa pamba?" akamuuliza mkwe wake. Kazi yote ile, na gari lake hakulitambua.

Baba alimwambia fundi ashukie upande wa pili, mimi nikawapisha, naye akajivuta hadi kwenye kiti cha dereva, akaufungua mlango taratibu, wote, mpaka mwisho.

Ungo ukasimama mikononi mwa shangazi.

"Mpaka leo hujaupaka mafuta mlango huo?" akasema.

"Ningeupaka, ungenijuaje?"

Aliinuka bila fimbo, choroko zikamwagika uani kote. Nami, pale kwenye kiti, nikalisukuma kopo la grisi ndani zaidi kwa kisigino.