Barua ya Kifaransa Niliyojidai Kuisoma

Bwana Mhariri, nakuomba jina langu ulifiche, maana Nakuru ni ndogo na sisi Wangazija wa Bondeni tunajuana mpaka kilicho chunguni.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, kazi yangu mpishi. Miaka tisa nilimpikia Mfaransa mmoja aliyekuwa na shamba huko Njoro, mpaka akauza akarudi kwao. Kifaransa changu nilikipata jikoni kwake: chumvi, kisu, kuku, moto umezidi, haraka, mpumbavu wewe. Kukisoma sikufundishwa na mtu. Nasoma Kurani na Kiswahili, basi.

Kilichoniponza ni mdomo. Nikirudi mjini siku za mapumziko nilipenda kuchomekea maneno mawili matatu barazani, wazee wakaamini nimebobea. Mwaka juzi wakanijia. "Visiwa vyetu viko chini ya Mfaransa," wakasema, "na watoto wetu hawajui hata kumwamkia. Wafundishe, wapate nafasi katika shule kubwa huko Madagaska." Ilinipasa kusema siwezi. Nilisema inshallah.

Nikapewa chumba nyuma ya hoteli ya chai, ubao, na watoto kumi na wanne. Miezi mitatu ilikwenda vizuri, kisha maneno yakaniishia. Tangu hapo watoto wanaimba kwa Kifaransa majina ya vyakula vya karamu za yule Mfaransa, kuanzia supu mpaka matunda, na wazazi wakipita dirishani machozi ya furaha yanawalenga. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka, mwanzoni.

Kinachoniua ni mtoto wa dada yangu. Kwetu Wangazija mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, hata baba yao hunyamaza. Kijana alikuwa stendadi ya sita, wa kwanza darasani. Mimi ndiye niliyemtoa shuleni, nikamtia katika darasa langu. Dada aliniuliza mara moja tu, "Kaka, una hakika?" Nikamjibu, "Mwachie mjomba wake." Nafasi yake shuleni akapewa mwingine, na sasa ni mwaka wa pili ananiimbia supu.

Basi wazee, bila kuniambia, wakaiandikia kwa Kiswahili ofisi ya Wafaransa Nairobi kuomba nafasi. Wakajigamba humo kwamba mwalimu wanaye, hodari, basi wajibiwe kwa Kifaransa. Ijumaa iliyopita jibu likaja. Baada ya swala wakanikabidhi mbele ya watu wote, dada yangu kaketi mlangoni na wenzake. Nikaitazama ile karatasi. Nilichotambua ni lile neno lao la kumwita mtu bwana, na nambari mbili. Nikakohoa, nikaanza kusoma kwa sauti: salamu nyingi, ofisi imefurahi mno, mgeni atakuja kuwaona watoto, na aliye wa kwanza atapelekwa Madagaska. Yote niliyatoa kichwani mwangu. Vigelegele vikapigwa. Dada alilia, akanibusu mkono.

Njia ya mwongo ni fupi, hilo nalijua. Kanzu ya safari ya kijana iko kwa fundi tayari. Kuna padri misheni nasikia anakijua Kifaransa, lakini nikionekana mlangoni kwake, habari itafika Bondeni kabla yangu. Na nasema kweli, naogopa zaidi kuambiwa imeandikwa nini. Zile nambari huenda ni siku ambayo watoto walitakiwa wafike Nairobi. Huenda imeshapita.

Leo asubuhi kijana amekuja na daftari jipya. "Mjomba," ananiambia, "wazee wamesema mgeni akija niisome mimi ile barua. Nifundishe neno kwa neno, nisikuaibishe."

Ameketi hapa mbele yangu ninapoandika haya, penseli mkononi. Anadhani namwandikia tafsiri. Ndugu wasomaji, nishaurini: nikiinua kichwa, nimwambie nini?