Sikio la Prof Kazadi kwenye Uso wa Babu

Sisi tuliokulia Likasi wakati foto ilikuwa bado kitu cha kuvalia nguo za misa, tunajua maana ya kusimama wima bila kupepesa macho. Mpiga picha alipita mtaani kwetu siku za Komunyo ya kwanza, na mama zetu walitupaka mafuta mpaka magoti yakang'aa. Ukifumba macho, basi. Utabaki umefumba macho maisha yako yote, ukutani kwa shangazi.

Kwa hiyo mnaweza kufikiri tulivyojisikia, wasichana arobaini na wawili wa mwaka wa nne, siku Prof Kazadi aliyetufundisha kuchora alipoingia darasani na apareyi ndogo ya foto, ya kidijitali, aliyoitunza ndani ya soksi ya sufu. Wageni fulani walikuwa wameipa shule yetu, pamoja na kompyuta sita zilizowekwa katika chumba cha zamani cha ushonaji. Chumba kile kilinuka mafuta ya cherehani, na mpaka mwisho wa mwaka tuliendelea kuokota sindano sakafuni.

Sheria ilikuwa moja. Kila mwanafunzi foto tatu kwa muhula mzima, kisha achague moja, aifanyie kazi kwenye kompyuta, na hiyo ndiyo alama ya mtihani.

"Tatu njo tatu," Prof alisema, kidole kikiwa juu ya kitufe cha apareyi. "Mufikiri kwanza, njo mufinye."

Wenzangu walikwenda kupiga mijakaranda, paka wa masista, na bomba la moshi la kiwanda. Mimi nilikuwa na jambo langu.

Nyumbani tuliishi na Kaku, mama mzazi wa baba. Alitoka Kasai akiwa bibi harusi, mume wake akiwa ameandikwa kazi ya mgodi kule Kambove. Mume huyo alifariki baba yangu akiwa na miaka mitatu, na kilichobaki kwake ni foto moja ya rangi nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Mwaka mmoja mvua ilipenya kwenye bati ikaingia sandukuni, ikala shavu lake la kulia na sikio lote. Tangu hapo Kaku hakuionyesha kwa mtu. Siku moja nilimkuta ameishika, akaniambia bila mimi kuuliza kitu:

"Minye nasahau, mutoto. Jicho nakumbuka, kicheko nakumbuka. Ule upande umeenda."

Nikaibeba ile foto shuleni ndani ya daftari la hesabu, nimeibana kifuani kama kitu cha wizi. Nikaiweka dirishani niipige kwa apareyi ya Prof. Foto yangu ya kwanza iliharibiwa na jua, likang'aa juu ya uso wa babu pakawa peupe. Ya pili ikaonyesha kivuli cha kichwa changu. Ya tatu ikatoka safi, nami nikawa nimemaliza mgao wangu.

Ndipo kazi ilipoanza. Nilichukua vipande vidogo vya shavu la kushoto, nikavigeuza, nikavibandika upande wa kulia, kipande kimoja kimoja, ulimi nje. Umeme wetu ulitoka kwenye bwawa la Mwadingusha, na ulipenda kurudi huko bila kuaga. Alasiri moja ulikatika, na wiki mbili za shavu zikaondoka nao kwa sababu sikuwa nimehifadhi. Prof alikuwa ametuambia tuhifadhi kila mara. Nililisikia neno hilo siku ile kwa mara ya kwanza.

Nilianza upya, na shavu la pili likawa bora kuliko la kwanza. Tatizo likabaki sikio. Babu alikuwa amegeuza kichwa kidogo, la kushoto halikuonekana, kwa hiyo hapakuwa na la kunakili. Wote walisema baba yangu alirithi kichwa kile kama kilivyo, lakini sikuwa tena na foto ya kumpiga. Rafiki yangu Godelive, niliyekaa naye meza moja, alikuwa ametumia foto yake moja kumpiga Prof Kazadi kwa upande, bila mwenyewe kujua, alipokuwa ameinama kutengeneza waya. Sikio lake lilikuwa kubwa, limetulia, linaonekana vizuri.

"Chukua," Godelive alisema. "Yee iko nayo mbili."

Nikalikata, nikaliondoa rangi, nikalipunguza, nikampa babu. Prof alipoichapisha kazi yangu aliitazama muda mrefu.

"Iko muzuri sana," alisema. "Lakini huyu muntu nilimuona wapi?"

Godelive akazama chini ya meza kutafuta kalamu.

Nilimkuta Kaku akichambua sombe, majani ya muhogo, nikampa ile foto iliyochapishwa. Alifuta mikono, akashika karatasi mbali na macho, halafu karibu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa machozi.

"Jicho njo lake," alisema. "Shavu njo lake. Hii sikio haiko ya bwana yangu."

"Ni ya nani, Kaku?"

"Nitajua namna gani? Ya muntu mwenye kusikia mingi."

Baba, aliyekuwa mezani na bukari yake, ugali wa jioni, alicheka mpaka maji ya kunywa yakamtokea puani.

Basi ilibidi niungame. Nilisimama mbele ya Prof Kazadi nikijua nitapata sifuri, na pengine baba ataitwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Taratibu akainua mkono, akaligusa sikio lake.

"Rudisha sikio yangu," alisema. Kisha akaitia apareyi ndani ya soksi, akanipa. "Foto moja. Sikio ya baba yako. Kesho asubuhi hii kintu iko hapa."

Nilitembea na ile soksi kutoka shuleni mpaka nyumbani bila kumsalimu mtu. Baba alirudi kutoka kiwandani, akaoga, akaketi kwenye kigoda akitazama ukuta kama anayenyolewa. Nilipoinua apareyi, Kaku akatoka chumbani. Alikuwa amevaa kikwembe, kitenge chake cha Pasaka, na kitambaa kichwani. Akaketi pembeni ya baba, akanyoosha mgongo.

"Minye na bwana yangu hatukupigaka foto pamoja," alisema. "Hata moja."

Nikaelewa. Nilifinya kitufe mara moja tu, wote wawili ndani.

Siku ya wazazi, kazi zetu zilitundikwa katika chumba cha cherehani. Yangu ilionyesha babu, kijana wa miaka ishirini na kitu, sikio la baba likiwa mahali pake, ameketi kwenye kigoda cha baba pembeni ya mama mzee mwenye kikwembe cha Pasaka. Kaku aliwasogeza watu kwa kiwiko mpaka akafika mbele.

"Bantu batasema niliolewa na mujukuu yangu," alisema, akacheka, mkono mdomoni, kama msichana. Alirudi kuitazama mara tatu kabla ya kukubali soda. Prof alinipa kumi na nane juu ya ishirini. Mbili alikata kwa wizi wa sikio.

Leo binti yangu hupiga foto ya bukari kabla ya kuinawia mikono, na ya mboga, na yake mwenyewe akitazama bukari na mboga. Majuzi nilimwonyesha foto ya zamani yenye doa, nikaanza kumweleza jinsi ya kuliondoa. Kabla sijamaliza sentensi telefone yake ilikuwa imeshaliondoa, na yeye ameshahamia kwingine. Simlaumu. Angekuwa na foto tatu tu kwa muhula mzima, angelia, na ningemnunulia ya nne.

Ila nyakati nyingine namwonea huruma kidogo. Ana maelfu ya nyuso mfukoni, na hana hata mmoja aliouhangaikia. Mimi niliishi muhula mzima na shavu moja la mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Siku nitakayofika mbinguni, nikimkuta mzee huyo amekaa na wenzake wa Kambove, sitahitaji kutambulishwa. Nitakwenda moja kwa moja kumsalimu.